Wiki Moja Avignon na Vijiji vya Luberon: Mwongozo Kamili wa Kukaa Kusini mwa Ufaransa

Ratiba nyingi za kusini mwa Ufaransa zinachosha hata kuzisoma: leo Avignon, kesho Arles, keshokutwa Nice, kila asubuhi kufunga begi na kukimbilia stesheni. Mpango wa mwongozo huu ni mwingine. Lala Avignon siku tano, kisha siku mbili kwenye kijiji cha Luberon, eneo la vilima mashariki mwa Avignon, basi. Kutoka Avignon unaweza kwenda Arles, Nîmes, L'Isle-sur-la-Sorgue, hata Marseille, ukarudi kulala pale pale. Jioni unazijua njia za mkato, na muuza mkate keshakuzoea.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya kutafuta chumba

Mwezi ndio unaoamua yote yanayofuata, kuanzia bei ya kitanda hadi rangi ya mashamba. Julai, Avignon ni mji wa tamthilia. Tamasha lililoanzishwa na mwongozaji wa tamthilia Jean Vilar mwaka 1947 huujaza mji: mabango hufungwa kwa kamba kwenye kila nguzo, waigizaji huzunguka mitaani na mavazi ya jukwaani wakigawa vipeperushi, na vyumba hupanda bei kupita kiasi au huisha kabisa. Kama hukufuata tamthilia, na nyingi ni za Kifaransa, Julai iache. Agosti joto linaweza kupita nyuzi 35, na nyumba za mawe zisizo na kiyoyozi hazilaliki.

Lavenda huchanua kati ya katikati ya Juni na katikati ya Julai. Kwa hiyo nusu ya pili ya Juni ndiyo ningeichagua mimi: maua yapo, na tamasha kwa kawaida bado. Wasiojali lavenda waende Mei au Septemba. Septemba zabibu zinavunwa, joto limepungua, na watu wamerudi kazini.

Kuna upepo unaoitwa mistral, na usiudharau. Unashuka bonde la Mto Rhône kutoka kaskazini, unaweza kufika kilomita 100 kwa saa, na ukianza huvuma siku kadhaa mfululizo. Utauona hata usipovuma: wakulima wamepanda safu za misipresi upande wa kaskazini wa mashamba, na nyumba za zamani za shambani zina dirisha dogo moja upande huo, au hazina kabisa. Chukua jaketi la kuzuia upepo hata kama unakwenda Mei. Upepo huo una wema wake pia, maana husafisha anga kiasi kwamba kilele cheupe cha Mont Ventoux, mita 1,910, kinaonekana kutoka mjini kama kiko nyuma ya ukuta.

Hatua ya 2: Viza na makaratasi

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya muda mfupi ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja), inayoruhusu siku 90 ndani ya kila siku 180. Mkazi wa Oman au nchi nyingine ya Ghuba naye huomba kwa pasipoti yake ya asili, ila huombea kule anakoishi. Maombi yanaanzia kwenye tovuti rasmi ya France-Visas. Huko ndiko utaelekezwa mahali pa kupeleka makaratasi na alama za vidole. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na haurudishiwi hata ukinyimwa.

Omba mapema. Dirisha linafunguka miezi sita kabla ya safari na linafungwa siku 15 kabla, lakini miadi ya kabla ya majira ya joto hujaa haraka. Andaa haya:

- Pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10, itakayobaki hai angalau miezi mitatu baada ya kutoka Schengen, yenye kurasa mbili tupu.
- Bima ya safari inayolipia matibabu hadi yuro 30,000 au zaidi.
- Taarifa za benki za miezi ya karibuni, barua ya mwajiri au karatasi za biashara yako.
- Mahali pa kulala kwa kila usiku wa safari. Ukifikia kwa ndugu au rafiki, yeye ndiye aende kwenye ofisi ya meya wa mji wake akachukue cheti cha kumpokea mgeni. Barua pepe ya "karibu sana" haitoshi.

Suala la fedha huangusha wengi. Ufaransa hukadiria yuro 65 kwa siku kwa mwenye hoteli iliyothibitishwa, na 120 kwa asiye nayo. Fedha iliyoingia kwenye akaunti kwa mkupuo wiki moja kabla ya kuomba huzua maswali. Bora salio dogo lenye historia inayoeleweka.

Mpakani utapigwa picha chini ya mfumo mpya wa Ulaya ulioanza Oktoba 2025. Ukishuka Paris na treni yako inaondoka baada ya saa moja, umejitafutia presha ya bure. Acha saa tatu au nne katikati.

Hatua ya 3: Kufika

Njia rahisi kwa anayetua Paris ni treni ya mwendokasi, TGV. Kutoka stesheni ya Gare de Lyon ni kama saa mbili na dakika arobaini. Zipo pia zinazoondoka hapo hapo uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle bila kukuingiza mjini. Ni chache kwa siku, lakini kwa mwenye mabegi na watoto ndizo za kutafuta kwanza. Bei hupanda kadiri siku inavyokaribia, kwa hiyo kata tiketi viza inapotoka tu. Anayetua Marseille hupanda basi dogo la uwanjani hadi stesheni ya Vitrolles, halafu treni ya mkoa hadi Avignon.

Angalia sana jina la stesheni. Avignon TGV iko nje ya mji. Avignon Centre iko mbele ya kuta. Treni ndogo huziunganisha kwa dakika chache tu, kwa hiyo usikurupukie teksi. Ukitoka Avignon Centre unavuka barabara, unapita lango la kuta, na mbele yako mtaa mmoja mnyoofu unakufikisha Kasri la Mapapa kwa robo saa hivi ya kutembea.

Plagi za huko ni za pini mbili za duara. Ya kwetu ya pini tatu bapa haitaingia. Nunua adapta nyumbani, uwanja wa ndege watakukamua.

Hatua ya 4: Chumba

Mji wa kale umezungukwa na kuta za karne ya 14 zenye urefu wa zaidi ya kilomita nne, na swali la kwanza ni kulala ndani au nje. Kwa siku tano, lala ndani. Jioni ndipo mji unapendeza: wageni wa mabasi wameondoka na mawe yamebaki na joto la mchana. Epuka vyumba vinavyotazama Place de l'Horloge, uwanja mkuu wa mji, maana meza za mikahawa hukwaruzwa hadi usiku. Tafuta upande wa Rue des Teinturiers au nyuma ya kanisa la Saint-Pierre.

Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: ghorofa ya ngapi, kuna lifti, kuna kiyoyozi. Nyumba nyingi ni za mamia ya miaka, ngazi zake ni nyembamba na zimejipinda, na chumba cha juu kabisa chini ya vigae ndicho kinachotangazwa kwa picha nzuri zaidi. Kwa wenye bajeti ndogo kuna kambi za mahema kwenye kisiwa cha Barthelasse, ng'ambo ya mkono mmoja wa mto, kasri lote likiwa mbele ya macho yako.

Hatua ya 5: Siku mbili ndani ya kuta

Anza na kasri, na nenda mlango unapofunguliwa. Inafaa kujua kisa chake kwanza, maana bila hicho utaona kumbi tupu tu. Mwaka 1309 Papa Klementi wa Tano, Mfaransa, alifikia Avignon, na kwa takribani miaka 70 makao ya Mapapa yakawa huku badala ya Roma. Benedikto wa Kumi na Mbili alianza kujenga mwaka 1335, kwa ukali wa mtawa. Klementi wa Sita aliyemfuata akaongeza upande wa fahari. Huyu wa pili ndiye aliyeununua mji wenyewe mwaka 1348 kutoka kwa Malkia Joanna wa Napoli, kwa florini 80,000 za dhahabu. Mapapa waliporudi Roma, mji ulibaki mali yao hadi Mapinduzi ya Ufaransa. Ufaransa iliutwaa mwaka 1791.

Baadaye kasri likawa kambi ya askari mpaka mwanzo wa karne ya 20. Ingia kwenye kikanisa cha Mtakatifu Yohane, tazama michoro ya ukutani ya Matteo Giovannetti, halafu sogea karibu: baadhi ya nyuso hazipo. Askari walizikata kutoka kwenye lipu wakaziuza. Penye kichwa cha mtu pamebaki doa la chokaa, na mavazi ya buluu yanaendelea chini yake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Chumba ninachokipenda zaidi ni cha ofisi ya Klementi wa Sita, kinachoitwa Chumba cha Kulungu (*Chambre du Cerf*). Hakina malaika wala watakatifu. Kuta zake, za mwaka 1343, zimejaa miti ya matunda, wawindaji wenye mbwa na ndege, na bwawa la samaki ambalo watu wamesimama kandokando wakivua. Mkuu wa Kanisa alikaa humo akisaini barua, amezungukwa na msitu. Kaa hapo muda mrefu. Tableti unayopewa mlangoni, inayoonyesha kumbi zilivyokuwa zimepambwa, ina maana kwenye vyumba vitupu. Humu iweke chini, kuta zinajieleza.

Ukitoka, panda bustani ya Rocher des Doms, juu ya mwamba nyuma ya kanisa kuu. Ni bure, ina kivuli, na unaliona daraja maarufu lililokatika. Daraja la Saint-Bénézet lilianza kujengwa mwaka 1177. Lilikuwa na matao 22; mafuriko ya Rhône yaliyabomoa mara kwa mara, watu wakachoka kutengeneza katika karne ya 17, na leo yamebaki manne. Kulipia ili kulikanyaga si lazima. Kivuko cha bure kinakupeleka Barthelasse kwa dakika chache, na picha nzuri ya daraja inapatikana upande ule.

Siku ya pili iwe ya miguu. Asubuhi nenda Les Halles, soko la ndani ambalo ukuta wake wa mbele umeoteshwa mimea mtupu. Hufungwa mchana, na Jumatatu hakuna kitu. Kisha nenda Rue des Teinturiers, mtaa wa watia rangi nguo, ambako mfereji wa Sorgue unapita kando ya njia na magurudumu ya maji bado yamesimama, yameota kuvu. Hapa palichapwa vitambaa vya pamba vya maua kwa kuiga vile vya India vilivyoingia kupitia Marseille. Mfalme wa Ufaransa alivipiga marufuku mwaka 1686, lakini Avignon ilikuwa ardhi ya Papa, kwa hiyo watu wake waliendelea kuchapa hadi mwaka 1734. Anayependa kanga hatapita kwenye maduka ya vitambaa hivyo bila kusimama. Shika pindo kwanza: chenye maandishi ya kiwanda kusini mwa Ufaransa na kile cha kitalii kutoka mbali hutofautiana uzito mkononi.

Alasiri vuka mto kwa basi hadi Villeneuve-lès-Avignon. Wafalme wa Ufaransa walijenga ngome huko ili kuwachunga Mapapa. Kutoka ngome ya Saint-André unaliona kasri jua likilipiga usoni, na saa za mwisho kabla ya jua kuzama ndizo zake.

Hatua ya 6: Kula, na kusalimia

Ukiingia dukani, kwenye basi au hata kwenye lifti, sema *bonjour* kwanza, ndipo useme shida yako. Anayeanza na swali huhudumiwa kwa uso wa jiwe. Kwa mtu aliyekuzwa na hodi na shikamoo hili si gumu, lakini uchovu wa safari huwasahaulisha wengi.

Mikahawa ina saa zake. Chakula cha mchana ni kati ya saa sita na saa nane. Ukifika saa nane na nusu jiko limefungwa. Kula mlo mkubwa mchana, uliza sahani ya siku, *plat du jour*, ambayo mara nyingi iko kati ya yuro 15 na 20. Maji ya bomba yakiombwa kwa jina la *carafe d'eau* hayalipiwi, mkate haulipiwi, na huduma imo ndani ya bei, kwa hiyo usishinikizwe kuacha bakshishi.

Asiyekula nguruwe wala kugusa pombe awe macho, kwa sababu vyote viwili hujificha. *Daube* ni nyama ya ng'ombe, lakini imelazwa na kupikwa ndani ya mvinyo mwekundu. *Lardons* ni vipande vya nguruwe vinavyonyunyizwa hata kwenye saladi. *Papaline*, peremende ya waridi ya Avignon inayofanana na ua lenye miiba, ina kileo ndani, na ndiyo inayonunuliwa sana kuwa zawadi. Badala yake nunua *calissons* za lozi. Samaki, ratatui (mchuzi wa mboga), tapenade ya zeituni, jibini la mbuzi na tikiti la Cavaillon havina shida. Wauza nyama halali na mikahawa ya kuskusi ipo nje kidogo ya kuta. Kwa wenye kuswali, kumbuka kwamba mwishoni mwa Juni Magharibi huingia karibu saa tatu na nusu usiku.

Hatua ya 7: Kutoka nje kwa treni na basi

Panga siku za nje kwa kufuata magulio, si kwa kufuata umaarufu wa mahali. Mji uleule una uhai siku ya gulio na umekufa siku inayofuata. Jumapili ni L'Isle-sur-la-Sorgue, kama nusu saa kwa treni kutoka Avignon Centre: mji umekatwakatwa na mifereji ya maji ya kijani, magurudumu yanazunguka, na wauza vitu vya kale wanajipanga hadi barabarani. Ijumaa ni Carpentras, yenye sinagogi la mwaka 1367, kwa sababu Wayahudi waliofukuzwa Ufaransa waliruhusiwa kuishi kwenye ardhi ya Papa. Jumamosi ni Arles au Apt; Jumatano ni Saint-Rémy, ambako mchoraji Van Gogh alilazwa hospitali ya wagonjwa wa akili kuanzia Mei 1889 hadi Mei 1890 na kuchora bila kupumzika. Mengi ya magulio hayo ni ya asubuhi. Saa saba mchana meza zinakunjwa.

Siku isiyo na gulio, nenda Pont du Gard kwa basi. Ni daraja la maji la Warumi la karne ya kwanza, matabaka matatu, urefu wa karibu mita 49 kutoka mtoni. Lilikuwa sehemu ya mfereji wa kilomita 50 wa kupeleka maji Nîmes, na katika umbali wote huo maji yaliteremka mita 12 na ushee tu. Simama chini ya tao kubwa utafute vipande vya mawe vilivyochomoza nje ya ukuta: viliachwa makusudi kushikilia jukwaa la mafundi. Kabla ya kushuka kwenye basi, piga picha ratiba ya kurudi. Basi la mwisho huondoka mapema kuliko unavyodhani, na Jumapili huwa machache sana.

Ukikosa harufu ya nyumbani, Marseille iko karibu. Jamii ya Wakomoro huko ni kubwa, wengine Kiswahili wanakielewa, na samaki wa nazi haukosi mahali pa kumpata.

Hatua ya 8: Siku mbili kijijini

Luberon bila gari inawezekana lakini ni ya subira: basi la Apt hupita bondeni, huku vijiji viko juu ya vilima. Ukikodi gari, kodi kwa siku hizi mbili tu. Chukua kibali cha kimataifa cha udereva, agiza gari la gia za otomatiki mapema, na mtoka Tanzania, Kenya au Uganda asisahau kwamba huko wanaendesha kulia. Kwenye njia panda za vijijini zisizo na alama, anayetokea mkono wako wa kulia ndiye mwenye haki ya kupita.

Njia ya tatu ni baiskeli. Bonde la Calavon lina njia iliyotandikwa juu ya reli ya zamani, haina magari, karibu yote ni tambarare, na inapita Pont Julien, daraja la Kirumi ambalo magari yaliendelea kulitumia hadi mwaka 2005.

Chagua kijiji kimoja cha kulala. Gordes ni mzuri ukiwa mbali nao. Ndani ni ghali na umejaa. Roussillon una miamba ya udongo mwekundu na wa manjano, na njia fupi ya kupita katikati yake. Usivae viatu vyeupe, rangi ile haitoki. Ningelala Bonnieux au Lourmarin, ningeamka mapema nifike abasia ya Sénanque kabla ya mabasi ya watalii. Abasia hiyo ya mwaka 1148 bado ina watawa, kwa hiyo funika mabega, punguza sauti, na usikanyage mistari ya lavenda kwa ajili ya picha.

Fontaine-de-Vaucluse, chemchemi yenye kina cha zaidi ya mita 300, inafaa Machi na Aprili maji yanapofurika. Kiangazi utakuta dimbwi la kijani ndani ya pango na maduka mengi ya aiskrimu. Na kuanzia Juni hadi Septemba, siku za upepo mkali, misitu hufungwa kwa hofu ya moto. Uliza ofisi ya utalii jioni ya kuamkia matembezi.

Hatua ya 9: Kuondoka

Siku moja kabla, hakikisha treni yako haijaguswa na mgomo. Kampuni ya reli hutangaza mapema kwenye programu yake. Mafuta ya zeituni na asali viende kwenye begi la kukabidhi, si la mkononi. Kama ulinunua vitu vya zaidi ya yuro 100 kwenye duka moja linaloshiriki, na huishi Ulaya, ulistahili kuomba dukani fomu ya kurudishiwa kodi. Ichanganue kwenye mashine za PABLO pale uwanjani kabla hujakabidhi begi, kwa sababu forodha wanaweza kutaka kuiona bidhaa yenyewe.